Kitabu cha Kwanza cha Mzazi Kipo Tayari Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lipo andiko moja la malezi ambalo hakuna aliyelinunua dukani. Hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro au juu ya kabati, pamoja na vyeti vya shule na hati ya kiwanja. Mama hulipata siku anapoanza kliniki. Tanzania ni kadi mbili: RCH-4 ya mjamzito, na RCH-1 ya mtoto akishazaliwa. Kenya ni kijitabu kizima, MOH 216, kinachomfuata mama na mtoto wake tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka 5. Andiko hilo hutunzwa kwa heshima kubwa, maana bila hilo kliniki huhudumiwi. Kusomwa ni habari nyingine. Anayelisoma ni nesi. Mwenye mtoto hulibeba tu.

Wazazi watarajiwa huniuliza mara kwa mara: ninunue kitabu gani? Wengi ni vijana wa mjini, wamesoma, wana simu nzuri mkononi, na wanataka mtoto wao wa kwanza asipungukiwe na kitu. Nami huwauliza kama wameshaisoma kadi ya kliniki mwanzo hadi mwisho. Karibu wote hunitazama kwa mshangao. Kwao kadi ni karatasi ya serikali ya kujaziwa namba, na kitabu ni kile chenye picha ya mtoto mnene jaladani, kilichotoka Marekani au Uingereza. Makala haya ni kwa ajili yao, na baba nawalenga zaidi kuliko mama, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele.

Tuanze na kadi ya mtoto. Ukiifungua utakuta mchoro wa ukuaji. Chini umepangwa umri kwa miezi, pembeni uzito kwa kilo, na katikati ipo mistari inayopanda kwa kupinda. Kila mtoto anapopimwa, nesi huweka nukta. Nukta zikiunganishwa, ndipo habari ya mtoto huyo inapoanza kusomeka.

Chukua watoto wawili wa kiume. Wote wana miezi 9, na mizani imesema kilo 8 kwa kila mmoja. Mama zao wakikaa benchi moja watakubaliana kwamba watoto wako sawa. Sasa tazama nukta zilizotangulia. Wa kwanza alikuwa na kilo 7.1 alipotimiza miezi 6. Ni mtoto mwenye umbo dogo kidogo, lakini anapanda sambamba na mstari wake na hana neno. Wa pili alipotimiza miezi 6 alikuwa na kilo 7.9, katikati kabisa ya watoto wa umri wake. Kwa miezi 3 mizima ameongeza gramu 100 tu. Mstari wake umelala. Kuna kitu anakikosa: labda uji ni mwepesi mno, labda ameharisha mara mbili tatu, labda mama amerudi kazini na dada wa kazi anamlisha mara mbili kwa siku wakati mtoto wa umri huo anahitaji milo 3 hadi 4 mbali na ziwa la mama. Kwenye mizani watoto hawa walilingana. Ni mchoro uliowatofautisha, na mzazi anayejua kuusoma atauliza palepale kliniki, asingoje mpaka mashavu yasinyae na majirani waanze kunong'ona.

Kuusoma mchoro huo hakuhitaji digrii. Aliyeupa umaarufu ni daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi magharibi mwa Nigeria, katika kijiji cha Imesi-Ile, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Morley alishikilia kwamba kadi akae nayo mama nyumbani, isifungiwe kwenye kabati la hospitali. Japani ilikuwa imeshafika huko kwa njia yake: mwaka 1942 ilianza kuwapa wajawazito kijitabu cha kumbukumbu, na mwaka 1948, nchi ikiwa ingali magofu ya vita, ikaunganisha kumbukumbu za mama na za mtoto katika kijitabu kimoja. Leo Japani ni miongoni mwa nchi zenye vifo vichache zaidi vya watoto wachanga duniani. Kijitabu peke yake hakikufanya kazi hiyo yote, lakini Wajapani hawajakiacha hadi leo, na wameyasaidia mataifa mengine, Indonesia ikiwa mojawapo, kuanzisha vya kwao.

Mistari ya mchoro nayo ina historia ambayo kila mzazi angefaidika kuijua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya dunia ilitumia mistari iliyochorwa kutokana na watoto wa Marekani. Wale wadogo kabisa walitoka hasa katika utafiti wa eneo moja la jimbo la Ohio, na wengi wao walilelewa kwa maziwa ya chupa. Mtoto anayenyonya ana mwendo wake: hupanda upesi miezi ya mwanzo, kisha hupunguza kasi. Alipolinganishwa na wale wa chupa, alionekana kama anadorora kuanzia mwezi wa 3 au wa 4. Nesi alipoona hivyo alimshauri mama aanze uji. Mama alianza uji mapema, kwa maji ambayo mara nyingi hayakuwa salama, na mtoto ambaye hakuwa na tatizo lolote akaanza kuharisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, likaamua kuanza upya. Kati ya mwaka 1997 na 2003 lilifuatilia watoto zaidi ya 8,000 katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawakuvuta sigara na nyumba zao hazikukosa mahitaji ya msingi. Mistari mipya ilitolewa mwaka 2006. Mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo, walipolelewa vizuri, walikua kwa urefu unaokaribiana sana katika miaka yao ya mwanzo. Kwa hiyo unaposikia mtu akisema watoto wetu ni wafupi kwa asili, mwambie hapana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18. Kudumaa huko hakutokani na asili yetu. Kunatokana na chakula, maradhi na malezi ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2.

Vitabu mashuhuri navyo hukosea

Hadithi hiyo ya mistari inanipeleka kwenye vitabu vya dukani, kwa kuwa navyo vimewahi kuwapotosha wazazi, tena vikiwa mikononi mwa mamilioni ya watu.

Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson alitoa kitabu cha malezi kilichowataka wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao, ila asubuhi wawape mkono. Kilinunuliwa sana. Wazazi wa kizazi hicho waliambiwa kwamba mapenzi yanaharibu mtoto, na kwamba mtoto akilia kabla ya saa yake ya kula aachwe alie. Mwaka 1946 akaja daktari wa watoto Benjamin Spock na kitabu chake juu ya matunzo ya mtoto. Huyu aliwaambia wazazi wajiamini, wawapende watoto wao bila hofu, wawalishe wanapoona njaa. Kitabu hicho kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Ni vitabu vichache mno vya karne iliyopita vilivyofika mbali hivyo, na sehemu kubwa ya wema uliomo ndani yake ulikuwa wema wa kweli.

Ila kuna ukurasa mmoja. Kuanzia matoleo ya mwishoni mwa miaka ya 1950, Spock alishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Hoja yake ilisikika ya busara: mtoto akicheua akiwa chali anaweza kupaliwa na matapishi. Wazazi walimwamini, hospitali nazo zikafuata. Kumbe kulala kifudifudi ndiko kulikoongeza hatari ya kifo cha ghafla, kile ambacho mtoto mzima wa afya analazwa jioni na asubuhi anakutwa amefariki. Ushahidi ulikuwepo tangu mwaka 1970 kwa aliyetaka kuukusanya. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikashuka kwa zaidi ya nusu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kama ushahidi ungekusanywa mapema, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, huenda wangepona.

Kila nikisoma takwimu hiyo nafikiria wale wazazi. Hawakuwa wazembe. Walinunua kitabu, wakakisoma usiku, wakatii kilichoandikwa. Ndiyo maana siwezi kumwambia kijana anunue kitabu chochote cha malezi alimradi asome. Mtoto alazwe chali, mchana na usiku, kwenye kitanda kisicho na mito wala manguo yaliyorundikwa. Na kitabu chochote kinachosema vinginevyo, hata kiwe na jina kubwa namna gani, kisikae kwenye nyumba yenye mtoto mchanga.

Angalia mwaka

Vitabu vya mtumba vinavyopangwa kando ya barabara mijini vimewasomesha wengi wetu, na sina kinyongo navyo. Riwaya ya mwaka 1975 ni tamu leo kama ilivyokuwa siku hiyo. Kitabu cha malezi cha mwaka 1975 si hivyo. Kabla ya bei, fungua ukurasa wa nyuma ya jalada la ndani utazame mwaka wa toleo.

Halafu nenda kwenye sura ya kunyonyesha. Ikiwa kinasema uji uanze mtoto akiwa na miezi 4, kimeandikwa kabla ya mwaka 2001, mwaka ambao WHO ilikata shauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila maji, bila maji ya sukari, bila dawa ya mchango, hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila mpaka miaka 2 au zaidi. Ikiwa sura ya kuharisha inataja maji ya chumvi na sukari pekee na kukaa kimya juu ya zinki, hicho ni cha kabla ya mwaka 2004. Maji hayo bado yanaokoa maisha: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi, iwapo pakiti ya ORS haipatikani. Lakini siku hizi mtoto anayeharisha hupewa na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na mzazi asiyelijua hilo ataondoka zahanati bila kuviulizia.

Kwa malaria kosa la kitabu cha zamani ni kubwa zaidi. Klorokwini, ambayo wengi wetu tulikua nayo, Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, na mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto. Kenya nayo ilipita njia hiyohiyo. Kwa mjamzito, vidonge vya SP vya kuzuia malaria vilivyokuwa dozi 2 viliongezwa kwa ushauri wa WHO mwaka 2012: huanza baada ya miezi 3 ya mwanzo ya mimba na huendelea kila anapohudhuria kliniki, zikipita angalau wiki 4 kati ya dozi na dozi, zisipungue 3. Mahudhurio yenyewe ya kliniki yalikuwa 4. Tangu mwaka 2016 WHO inashauri 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Mama mwenye kitabu cha shangazi yake atadhani amemaliza kliniki ilhali yuko katikati.

Kitabu kimeandikiwa nani?

Mwaka ukikubali, bado lipo swali la mahali. Kitabu cha Heidi Murkoff kilichoanza kutoka mwaka 1984 ndicho kinachojulikana zaidi na wajawazito wa Marekani, na hata Dar es Salaam na Nairobi nimekiona kwenye rafu za watu. Kimefafanua vizuri mabadiliko ya mwili wiki kwa wiki, na dada wa Kiswahili anayejifungulia Houston au London atanufaika nacho, kwani kimeandikwa kwa hospitali anazokwenda na vyakula anavyovikuta dukani. Lakini mama wa Morogoro anahitaji kwanza kujua habari za chandarua, upungufu wa damu, selimundu, minyoo, na usafiri wa usiku kutoka kijijini hadi kituo cha afya. Hayo hayakuwa maisha ya waliokusudiwa na mwandishi.

Yapo pia mambo ambayo mgeni hawezi hata kuyafikiria. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akianza kukonda na kuchelewa kutembea, watu husema amebemendwa: wazazi wake hawakustahimili kipindi cha kunyonyesha, wakakutana kimwili au baba akatoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye aliyebeba adhabu. Baada ya hapo mama hafiki kliniki. Anaona aibu, anajificha, anapelekwa kwa mtu wa dawa za kuoga, na mwezi mzima unapita mtoto akizidi kudhoofu. Nesi asiye na busara akiongeza neno lake, mama harudi tena.

Wazee waliokuwa wa kwanza kulisema hilo hawakuwa wajinga. Waliona kitu halisi. Waliona kwamba mimba ikija upesi, mtoto wa kwanza anadhoofika. Daktari Cicely Williams, alipokuwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto wa namna hiyohiyo: wameachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wao amekuja, wanalishwa uji wa mahindi mtupu, miguu na uso vimevimba, nywele zimebadilika rangi. Aliona ni maradhi ya lishe. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuondolewa ziwani kabla ya wakati na kupewa chakula kisichojenga mwili, wala si tendo la wazazi wake. Dawa yake ni mayai, maharage, dagaa, maziwa, mafuta kidogo ndani ya uji, na uzazi wa mpango ili mtoto apate miaka yake miwili ya kunyonya. Kitabu cha malezi cha Kiswahili kisichomshika mama huyo mkono na kumweleza haya kwa heshima, bila kumdhihaki mama mkwe wake, hakijatimiza kazi yake.

Hapo niseme na uji wa lishe, maana umekuwa fasheni. Watu husaga pamoja mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele, wakaamini kwamba nafaka zikiwa nyingi ndivyo lishe inavyozidi. Nafaka 5 ni kundi moja la chakula. Afadhali nafaka moja, kunde au karanga zilizochambuliwa vizuri zisizo na ukungu, na kando yake mboga, tunda na yai.

Miongoni mwa vitabu vya nje vilivyotufaa kweli, ninachokiweka mbele ni Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner. Werner hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa baiolojia na mwalimu aliyeishi na wanakijiji wa milima ya Sierra Madre huko Meksiko. Alikiandika kwa Kihispania kwa ajili yao, Kiingereza kikafuata mwaka 1977, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwemo. Uzuri wake ni kwamba kinaanzia pale mtu alipo: hakuna gari, dawa ni chache, na anayesoma pengine hakumaliza shule. Kina michoro kila ukurasa, kina dalili za hatari zinazomwambia mtu lini aache kujitibu na kukimbilia hospitali, na sura zake juu ya wajawazito, wakunga na watoto zimewasaidia wahudumu wengi wa vijijini. Sharti langu ni lilelile la mwaka. Nakala za zamani zina klorokwini na dozi ambazo hazitumiki tena, kwa hiyo kitumie kujifunza kutambua hatari na kutunza mwili. Majina ya dawa mwachie mganga wa zahanati.

Kisomwe kwa sauti

Tanzania ilishawahi kuonesha namna ya kusoma kitabu cha afya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vijitabu vilisambazwa nchi nzima, redio ikatangaza kipindi kila wiki kwa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi. Walisikiliza redio, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakainuka kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kusafisha kisima. Wengi wa waliokuwa kwenye vikundi hivyo ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Kitabu hakikuwa siri ya mtu mmoja chumbani kwake.

Desturi hiyo tungeirudisha majumbani, kwa kuwa maamuzi juu ya mtoto wa Kiafrika hayafanywi na mama peke yake. Bibi ana neno, shangazi ana neno, mama mkwe ana neno zito. Mzazi mpya akiambiwa na nesi asimpe mtoto maji, kisha akirudi nyumbani akute bibi ameshachemsha maji ya sukari, atabishanaje na mtu aliyemlea mumewe? Kitabu kikisomwa sebuleni, wote wakisikia, ubishi hauwi tena kati ya mkwe na mama mkwe. Mume asome ukurasa ule kwa sauti, kisha amuulize mama yake: Mama, hapa wanasema hivi, wewe unaonaje? Wazee wengi wakipewa heshima hiyo hukubali, na mara nyingi huongeza la kwao lenye manufaa, kama kumkanda mtoto, kumwimbia, kumpokea mama kazi za nyumbani ili apumzike.

Na hapa ndipo nilipowawekea baba. Mwanamume wa kwetu huenda kliniki siku ya kwanza kwa sababu ya vipimo, halafu hatumuoni tena hadi siku ya kujifungua. Lakini mambo yakiharibika usiku, anayetafutwa ni yeye: atoe fedha, atafute gari, aamue. Mama anayetokwa na damu hawezi kusubiri mumewe aanze kujifunza. Kwa hiyo baba azijue dalili za hatari kwa kichwa kabla ya mwezi wa 7: damu kutoka, hata kama ni kidogo, kuumwa kichwa kusikopoa pamoja na kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kichwa na macho hasa wengi huvipuuza wakidhani ni uchovu, kumbe huenda presha imepanda na kifafa cha mimba kiko njiani. Akisoma kwenye kadi presha ya 140/90 au zaidi, asiseme tutaona kesho.

Kwenye kadi hiyohiyo, au kwenye karatasi iliyokunjwa ndani yake, aandike namba ya dereva wa bodaboda au teksi aliyekubali kuamshwa usiku, namba ya kituo cha afya, jina la mtu wa kutoa damu, na fedha ilipowekwa. Akizaliwa mtoto, atazame kadi kujua tarehe za chanjo: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mwili wa mwanamke. Yanahitaji mtu anayejua kusoma.

Kwa wachapishaji wetu nina ombi. Vitabu vya malezi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, na wakunga na madaktari wanaojua mama mkwe ni nani na kubemendwa ni nini, bado ni vichache mno kulinganisha na watoto wanaozaliwa. Andikeni, au waandikisheni wanaojua. Wekeni mwaka wa toleo kwenye jalada la mbele kwa tarakimu kubwa, na toleo likipitwa na wakati lirekebisheni, msilichapishe tena kwa sababu tu linauzika.

Nawe msomaji, ukialikwa kwenye hongera ya mtoto au kwenye ile sherehe ambayo mijini siku hizi huitwa bebi shawa, peleka kanga na beseni kama kawaida, ila tia na kitabu kimoja cha malezi cha miaka ya karibuni, kilichoandikwa kwa lugha ambayo baba na bibi wa mtoto wote wanaielewa. Na kabla hujakifunga kwenye karatasi ya zawadi, fungua sura ya kulala na sura ya kunyonyesha. Kikisema mtoto alale chali, na anyonye tu hadi miezi 6, kipeleke. Kikisema vingine, kiache dukani.